Flashi ya kamera karibu na macho: kinachodhuru, kisichodhuru, na namna ya kupiga

Tuanze na jibu, maana mzazi aliyepakata kichanga hana muda wa kusoma mpaka mwisho. Flashi ya kawaida ya kamera au ya simu, hata ikiwaka karibu kabisa na uso, haiunguzi jicho wala haileti upofu. Inatia kiwi. Mtu huona doa la zambarau au la kijani likielea mbele yake, kila anapogeuka lipo, kisha linafifia ndani ya dakika chache. Kwa jicho zima, hapo ndipo mambo yanapoishia.

Lakini kiwi si jambo dogo kwa dereva wa bodaboda, wala kwa bibi harusi anayeshuka jukwaani na viatu virefu. Kwa mtu mwenye kifafa mwako wa flashi una hatari yake nyingine kabisa. Na kuna vitu vinavyoharibu macho kweli ambavyo watu hawaviogopi hata kidogo: jua kupitia lenzi ndefu, leza, na taa ya studio iliyovunjika kioo. Mwongozo huu ni wa wapigapicha wa Tanga, wa studio za pasipoti na wa harusi, na wa yeyote anayepiga picha nyumbani kwa simu.

Kwa nini flashi haiunguzi

Mwanga wa flashi hutoka kwenye kijibomba cha kioo chenye gesi ya zenoni. Kapasita huhifadhi umeme wa volti 300 hivi, halafu huumwaga wote kwa mpigo mmoja. Flashi ya kuchomeka juu ya kamera hubeba jouli (kipimo cha nishati) 60 hadi 80 hivi, na taa nyingi za studio hubeba jouli 200 hadi 400. Kwa nguvu kamili mwako hudumu karibu 1/1000 ya sekunde, katika baadhi ya taa zaidi kidogo. Ukishusha nguvu hadi 1/64 hudumu chini ya 1/10000. Kope zinahitaji kama robo sekunde ili zifumbe, kwa hiyo flashi imeshawaka na kuzimika kabla mtu hajapepesa. Zile picha za watu waliofumba macho husababishwa na mwako mdogo wa awali, ambao kamera huutoa kupima mwanga au kupunguza macho mekundu.

Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, huharibiwa na mwanga kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni joto, ambalo huhitaji nguvu nyingi sana kwenye eneo dogo, kama ya leza. Ya pili ni mwanga mkali, hasa wa bluu, kukaa kwenye sehemu ileile kwa muda, kama anapokodolea mtu jua. Flashi haifikii njia yoyote kati ya hizo mbili. Nishati inayopenya tundu la mboni ni chache na inakatika mara moja, sawa na kupitisha kidole upesi juu ya mwali wa kibatari.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko kliniki za macho. Daktari anayepiga picha ya retina hutumia kamera yenye flashi. Humtia mgonjwa dawa ya kupanua mboni, humsogeza mpaka jicho liwe sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, kisha mwako huingia moja kwa moja ndani ya jicho, mara kadhaa kwa kila upande. Wagonjwa wa kisukari hushauriwa kupigwa picha hizo kila mwaka. Vilevile kuna kiwango cha kimataifa cha usalama wa taa kwa macho na ngozi, IEC 62471 cha mwaka 2006, kinachozipanga taa katika makundi manne kulingana na uwezo wake wa kudhuru.

Mwaka 2015 ilienea habari kutoka China kwamba mtoto wa miezi 3 alipofuka jicho moja baada ya kupigwa flashi umbali wa sentimita 25 hivi. Madaktari wa macho wa nchi mbalimbali waliipinga: tatizo la namna ile huwa lilikuwapo kabla, na picha ndiyo iliyowafanya wazazi waligundue. Habari hiyo bado inazunguka kwenye simu, na bado inawatisha watu bure.

Ukaribu unabadilisha nini

Hapa wapigapicha wengi, hata wazoefu, huchanganya mambo mawili.

La kwanza ni mwanga unaoangukia uso. Ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga huo huongezeka mara 4. Chukua mita 2 kama kipimo cha 1: mita 1 ni mara 4, nusu mita ni mara 16, sentimita 25 ni karibu mara 64. Ndiyo maana picha inaungua nyeupe ukisogea bila kushusha nguvu, na ndiyo maana mtu huhisi joto kwenye ngozi.

La pili ni kinachotokea ndani ya jicho. Lenzi ya jicho huchora picha ya kichwa cha flashi kwenye retina. Ukisogea karibu, picha hiyo inakuwa kubwa zaidi, lakini ukali wake kwa kila milimita ya mraba haupandi. Kichwa cha flashi chenye upana wa sentimita 7, kikiwa mita 1 mbali, huchora doa la milimita 1.2 hivi kwenye retina. Kikiwa sentimita 25, doa linafika karibu milimita 5, na hapo limefunika sehemu kubwa ya eneo la katikati ambalo mtu hulitumia kusoma na kutambua nyuso. Ndiyo sababu kiwi cha flashi ya karibu humfanya mtu ashindwe kusoma hata ujumbe wa simu kwa dakika kadhaa, ilhali cha mita 3 ni kidoa tu pembeni mwa anachokitazama.

Ukifahamu hilo utaona kwamba njia bora ya kumpunguzia mtu adha ni kutanua chanzo cha mwanga. Kichwa cha flashi kina eneo la sentimita za mraba 28 hivi. Mwavuli mweupe wa kipenyo cha sentimita 100 una zaidi ya 7,000. Nishati ileile ikisambaa kwenye mwavuli, ukali wa kila sehemu unashuka zaidi ya mara 200, na mtu anaweza kuutazama mwavuli ukiwaka mita 1 mbele yake bila kubaki na doa la maana. Kile kikofia cha plastiki kinachovikwa kichwa cha flashi hakifanyi kazi hiyo. Kinaongeza eneo kidogo tu, kilichobaki kinakitupa ukutani.

Kuna jambo la tatu linalosahaulika: mboni. Kwenye mwanga mzuri mboni ina kipenyo cha milimita 2 hadi 3, na gizani inafunguka mpaka 7. Kutoka 2.5 hadi 7 ni ongezeko la eneo karibu mara 8. Flashi ileile, nguvu ileile, umbali uleule, inaingiza mwanga mara 8 zaidi kwenye jicho lililozoea giza. Kwa hiyo kabla hujagusa kamera, washa taa za chumba.

Picha ya pasipoti kwenye chumba kidogo

Studio nyingi za mjini ni vyumba vya mita 2.5 kwa 3, na kosa linalojirudia ni flashi moja juu ya kamera, ikielekezwa usoni, umbali wa mita 1, taa ya chumba ikiwa imezimwa ili "isiharibu rangi". Mteja anatoka akipapasa mlango, na picha ina kivuli kikali nyuma ya masikio.

Panga hivi. Mteja akae mita 1 mbele ya kitambaa cha nyuma, ili kivuli kianguke chini ya fremu. Weka flashi mbili kwenye stendi, kila moja ikipita kwenye mwavuli mweupe wa sentimita 100, kushoto na kulia kwa pembe ya digrii 45, umbali wa mita 1.3 kutoka usoni, katikati ya mwavuli ikiwa juu kidogo ya usawa wa macho. Anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, tundu la lenzi f/5.6, kasi ya shata 1/125, flashi zote mbili kwenye 1/16. Ikizidi, shusha zote mbili kwa hatua moja hadi 1/32. Usisogeze stendi nyuma, kwa sababu mwavuli ukiwa mbali unageuka chanzo kidogo na vivuli vikali vinarudi. Taa ya dari iache inawaka: kwa mpangilio huo haitaingia kwenye picha kwa kiasi cha kuonekana, na mboni za mteja zitabaki ndogo.

Kama una flashi moja tu, igeuzie ukuta mweupe au ubao mweupe wa thamokoli ulioko nyuma yako, na upandishe nguvu hadi 1/4. Ukuta wa rangi ya waridi au kijani utakutia rangi hiyo usoni mwa mteja, na hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayoisafisha vizuri.

Mwelekeze mteja mahali pa kutazama: "Mama, tazama juu kidogo ya kamera, hapa kwenye kidole changu. Nahesabu tatu." Kuhesabu si adabu tu. Mtu aliyejiandaa hapepesi kwa mshtuko, na unapiga mara 2 badala ya mara 8.

Harusini

Ukumbi wa harusi ni mahali pagumu kuliko studio. Taa zimepunguzwa, mboni zimefunguka, na wapo wapigapicha wawili au watatu pamoja na simu za wageni mia. Zungumza mapema na fundi wa taa na MC: wakati wa bibi harusi kuingia, wakati wa kukata keki na wakati wa kutunza, taa nyeupe za ukumbi ziwashwe hata nusu. Wengi hukubali ukiwaambia kwamba video nayo itatoka safi.

Elekeza flashi juu, kwenye dari, sio usoni. Kwa dari nyeupe ya mita 3, anza na ISO 1600, f/4, 1/80, nguvu 1/8. Kama ni turubai, dari ya mabati au boriti nyeusi za nyumba za kale, mwanga hautarudi, utapoteza betri bure. Hapo tafuta ukuta mweupe pembeni, au mpe msaidizi mwavuli mdogo kwenye fimbo, ausimamishe mita 1.5 kutoka kwa maharusi. Zima kabisa hali ya kupiga mfululizo pamoja na flashi. Picha moja, pumzika sekunde 2, picha nyingine.

Usimpige flashi mtu aliye katikati ya hatua. Bibi harusi akishuka jukwaani, ngoja mguu wake utue sakafuni. Hali kadhalika wacheza sarakasi na ngoma: anayeruka huhitaji kuiona sakafu au mkono wa mwenzake, na kiwi cha sekunde 3 kinatosha kumvunja mtu shingo. Piga akiwa ameshatua, au tumia mwanga wa jukwaa wenyewe kwa ISO 3200 na kasi ya 1/500.

Bibi harusi akiamka kesho yake na macho mekundu yanayowasha, lawama huja kwa mpigapicha. Chunguza kwanza gundi ya kope za bandia, wanja uliotumiwa na watu wengi, na moshi wa udi chumba kilipofungwa madirisha. Flashi haileti wekundu wala tongotongo.

Kichanga na mtoto mdogo

Ingawa flashi haimdhuru, picha bora ya kichanga haihitaji flashi kabisa. Mlaze nusu mita hadi mita 1 kutoka dirishani, jua lisimfikie moja kwa moja, kichwa kielekee dirisha kwa ubavu. ISO 800 hadi 1600, f/2.8, 1/125. Upande wa kivulini shikilia shuka jeupe lirudishe mwanga. Kwa simu, zima flashi, futa lenzi kwa kitambaa laini (vidole vyenye mafuta ya nazi ndivyo vinavyozifanya picha nyingi zionekane zina ukungu), kisha gusa uso wa mtoto kwenye kioo ili simu ipime mwanga hapo.

Kama ni usiku na shughuli ya arobaini imefika, tumia flashi ya kugongesha ukutani kwa 1/16, taa ya chumba ikiwa imewashwa, nawe ukiwa mita 1 au zaidi.

Taa ya tochi ya simu ni jambo tofauti. Haina nguvu ya flashi ya zenoni, lakini inawaka muda wote wa video, na kichanga hana uwezo wa kugeuza kichwa akikerwa. Usiishikilie sentimita 20 kutoka usoni mwake kwa dakika tano ukingoja atabasamu. Hata hizi taa za duara za kujipigia video, kwa mtu mzima, ziweke sentimita 60 au zaidi na uzishushe mpaka uweze kuzitazama bila kukunja uso.

Wodi ya watoto njiti msipige flashi. Watoto wale hutunzwa kwenye utulivu na mwanga mdogo. Muulizeni muuguzi kabla ya kutoa hata simu.

Watu wa kuuliza kabla ya kuwasha

Mwenye kifafa. Kati ya watu 100 wenye kifafa, 3 hadi 5 hivi huweza kupata degedege kwa sababu ya mwanga unaomweka, hasa miako kati ya 3 na 30 kwa sekunde. Flashi moja moja mara chache huleta tatizo. Hatari ni kupiga mfululizo, wapigapicha kadhaa kupiga kwa pamoja, na zile taa za ukumbini za kumweka. Uliza familia kwa faragha. Ikiwa miako imeanza na mtu anahisi vibaya, afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuke upande mwingine. Kufumba tu hakutoshi, maana mwanga hupenya kope.

Mtu mwenye ualbino. Macho yake yana rangi asilia kidogo, kwa hiyo mwanga huingia hata kupitia kiini chenye rangi kinachozunguka mboni na kutapakaa ndani. Flashi ya usoni humuumiza, ingawa haimpofushi. Usimvue kofia ukamwambia atazame jua. Mweke kivulini, mwanga mpana utoke ubavuni. Macho yake huweza kuwa yanachezacheza yenyewe, kwa hiyo tumia 1/250 au kasi zaidi ili yasitoke na ukungu.

Aliyetoka kliniki na dawa ya kupanua mboni: asubiri mpaka kesho yake. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho majuzi, mwenye kipandauso, na mwenye kidonda kwenye konea (kioo cha mbele cha jicho): tumia mwanga wa dirisha. Kwa mzee inatosha kuuliza, "Shikamoo bibi. Macho yanakusumbua na mwanga?"

Halafu kuna aliye kazini. Dereva, mwendesha boda na nahodha usiwapige flashi usiku, hata kwa heri. Wavuvi wa mwalo wa Deep Sea wakiondoka jioni, macho yao yameanza kuzoea giza, na seli zinazoona gizani huhitaji dakika 20 hadi 30 kurudi kwenye uwezo wake baada ya mwako mkali. Kwenye Mapango ya Amboni ni vivyo hivyo: mboni zimefunguka kabisa na sakafu inateleza. Mwambie mwongozaji, hesabu kwa sauti, watu wote wasimame. Popo nao waachwe. Ukiwa na stendi, achana na flashi: f/8, ISO 400, sekunde 20 hadi 30, kamera ikiwa imetulia, huku msaidizi akipaka mwanga wa tochi taratibu kwenye kuta za chokaa. Picha inatoka na kina ambacho flashi ya juu ya kamera haiwezi kukitoa.

Kifaa kikiwa kibovu

Hewa ya chumvi ya pwani hula vituo vya shaba chini ya flashi, na flashi yenye kutu huweza kuwaka yenyewe, pengine wakati mtu anaikagua akiwa ameikodolea macho. Kila mwezi futa vituo vyake kwa pamba yenye spiriti, acha vikauke, na uhifadhi flashi kwenye boksi la plastiki pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Betri zitoe usipoitumia.

Kitufe cha kujaribu huwafurahisha watoto. Flashi iliyobanwa kwenye ngozi ikawaka kwa nguvu kamili hutoa joto la kuunguza, na ngozi nyeusi au kitambaa cheusi hunyonya zaidi. Weka kitambaa cheusi cha pamba mbele yake, bila mkono, uone: huenda ukasikia harufu ya nyuzi zilizoungua. Kwa hiyo sheria ya kufanyia kazi ni sentimita 10 kwa kitu chochote, mita 1 kwa uso.

Kioo cha mbele cha taa ya studio hakipo kwa urembo. Zenoni hutoa pia miale ya urujuanimno, na kioo au utando wa kijibomba ndio unaoizuia. Kikipasuka, taa isiwashwe mpaka kipatikane kingine. Usifungue flashi mwenyewe: kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuizima.

Vinavyoharibu macho kweli

Jua kupitia lenzi. Tanga jua linachomoza upande wa bahari, na kila anayenunua lenzi ya milimita 200 hutamani kulipiga likitokea nyuma ya ngalawa. Likiwa jekundu kwenye upeo wa maji unaweza kulitazama kwa macho matupu kwa muda mfupi, lakini likishapanda na kuwa jeupe, kulitazama kupitia tundu la kutazamia la kamera ya DSLR (ile yenye kioo cha kuakisi ndani) kunalielekeza lote kwenye retina, tena likiwa limekuzwa. Retina haina mishipa ya maumivu, kwa hiyo hutajua mpaka uone doa jeusi lisiloondoka. Tumia kioo cha nyuma cha kamera. Siku ya kupatwa, kama ile ya pete ya tarehe 1 Septemba 2016 iliyoonekana Rujewa mkoani Mbeya, kichujio cha jua kinakaa mbele ya lenzi. Miwani ya kupatwa haitoshi ukiitumia nyuma ya kamera, maana lenzi inakusanya joto linaloipasua. Filamu ya eksirei na kioo kilichopakwa masizi havizuii miale isiyoonekana.

Leza. Kalamu za leza zinazouzwa mitaani kama vitu vya kuchezea huandikwa chini ya milliwati 1 au 5, na nyingi huzidi maandishi hayo, hasa za kijani. Leza hukusanya nguvu yote kwenye nukta moja ya retina na huweza kuchoma kabla ya kope kufumba. Huchoma na sensa ya kamera pia.

Taa za urujuanimno za kuua vijidudu. Zinatoa mwanga wa bluu hafifu na mtu huweza kudhani ni pambo zuri la picha. Saa 6 hadi 12 baadaye macho yanakuwa kama yamejaa mchanga, machozi yanatiririka. Mafundi wa kuchomelea vyuma wasiovaa kinga wanayajua vizuri.

Mtu akishapigwa flashi karibu

Mkalishe, afumbe macho dakika 2. Asisugue. Asiendeshe chombo mpaka doa liishe kabisa. Hakuna dawa inayohitajika: maziwa ya mama, maji ya sukari na matone ya dukani yenye steroidi hayasaidii, na yanaweza kuleta maambukizi au kuficha ugonjwa.

Saa 1 baadaye mpime kwa daftari la hesabu la visanduku. Aweke ukurasa sentimita 30 mbele, afunike jicho moja, atazame nukta uliyoichora katikati, kisha jicho la pili. Mistari ikiwa imenyooka yote na hakuna kipande kilichopotea, amepona. Mistari ikipinda, doa jeusi likibaki mpaka kesho, au maumivu yakianza saa kadhaa baadaye, aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo aulize idara ya macho, na aeleze kilichomulika: flashi, jua, leza au taa nyingine. Sababu halisi mara nyingi haitakuwa flashi.

Jicho moja likionekana jeupe kwenye picha

Hili ndilo la kuzingatia kuliko yote. Flashi iliyo karibu na lenzi hurudisha wekundu wa damu ya nyuma ya jicho. Kwa watu weusi wekundu huo huwa hafifu, ni kawaida. Lakini jicho moja likirudisha weupe au njano ilhali lingine ni jekundu au jeusi, huenda kuna mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, tatizo la retina, au saratani ya jicho ya watoto, retinoblastoma, ambayo humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000, wengi wao chini ya miaka 5. Ikigunduliwa mapema, maisha huokolewa, na mara nyingi hata jicho.

Weupe huweza pia kuwa wa bure: mtoto akitazama pembeni kwa digrii 15 hivi, flashi hugonga mahali mshipa wa fahamu wa jicho unapoingilia, pakarudisha weupe. Kwa hiyo rudia. Chumba kiwe na mwanga hafifu, simu iwe mita 2 hadi 3, flashi imewashwa, mpangilio wa kuondoa macho mekundu umezimwa, mtoto atazame lenzi moja kwa moja. Piga picha 3 au 4. Weupe ukijirudia kwenye jicho lilelile, usisubiri miezi: nenda hospitali wiki hiyohiyo na uombe rufaa ya kliniki ya macho ya watoto, CCBRT Dar es Salaam au KCMC Moshi. Mpigapicha uliyeiona kwanza, mwambie mzazi faraghani, na msiifute picha ya asili wala kuirekebisha. Daktari ataitaka kama ilivyotoka kwenye kamera, pamoja na tarehe yake.